Swichi ya Ofisini Ikikosa Mwenyewe

Jumatano ya Novemba 13, 2002, mtandao wa kompyuta wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, Marekani, ulianza kusuasua. Jalada la mgonjwa lilichelewa kufunguka, likagoma, likafunguka tena, kisha kila kitu kikasimama. Hiyo ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Harvard, na wakati ule ilikuwa mbele ya nyingi katika kuendesha kazi zake kwa kompyuta. Kwa siku nne hivi mtandao ulikuwa ukiinuka na kuanguka, mpaka uongozi ukaamuru watu warudi kwenye karatasi. Maagizo ya dawa yakaandikwa kwa kalamu. Majibu ya maabara yakapelekwa kwa mkono, kutoka korido hii hadi ile.

Hakuna mdukuzi aliyeingia, na seva hazikuungua. Zilizoshindwa ni swichi, yale maboksi ya kabatini yanayounganisha kompyuta moja na nyingine. Mtandao wa hospitali hiyo ulikuwa umejengwa kidogo kidogo kwa miaka, swichi ikiongezwa nyuma ya swichi, hasa baada ya hospitali mbili kuunganishwa kuwa moja mwaka 1996. Programu ya mtafiti mmoja ilipomwaga data nyingi kwa mpigo, mpangilio mzima ukazidiwa. Cisco ilituma wahandisi na vifaa. John Halamka, daktari wa wagonjwa wa dharura ambaye pia alikuwa mkuu wa TEHAMA, angeweza kulifunika jambo hilo. Badala yake alilieleza hadharani, hatua kwa hatua, ili wengine wajifunze. Namheshimu sana kwa hilo, kwa kuwa ni mara chache kiongozi hufungua kabati lake mbele ya watu.

Kifaa cha aina ileile kipo katika SACCOS ya wilayani, katika hoteli ya Mombasa, katika zahanati, shule na ofisi ya clearing karibu na bandari ya Dar es Salaam. Ni boksi jembamba lenye poti 24 au 48. Hununuliwa kwa fedha za kutosha, likachomekwa, taa za kijani zikawaka, mlango wa kabati ukafungwa. Basi. Muuzaji aliahidi swichi inayoweza kusimamiwa, na kweli inaweza, ila hakuna anayeisimamia. Ofisi ina mtu wa kusimamia gari, jenereta na hata jiko la chai, lakini ukiuliza swichi ni ya nani kila mmoja humtazama mwenzake. Swichi ya biashara iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani ni hatari iliyolipiwa, na kinachokosekana kwa kawaida si fedha. Anakosekana mtu aliyekabidhiwa na daftari aliloandika.

Ili hatari hiyo ionekane, ni lazima kuijua kazi ya boksi lenyewe. Ethaneti ilizaliwa katika maabara ya Xerox PARC, California, ambako Bob Metcalfe aliandika waraka wake Mei 22, 1973, kisha akaijenga pamoja na David Boggs. Kompyuta zote zilishikizwa kwenye waya mmoja mnene, na kila iliyotaka kusema ilisikiliza kwanza kama njia iko wazi. Zikisema mbili kwa pamoja, ujumbe uligongana na kila moja ikasubiri kidogo kabla ya kurudia. Swichi ya kwanza ya Ethaneti kuingia sokoni ilitolewa mwaka 1990 na kampuni ndogo ya Kalpana, ikiwa na poti saba tu. Cisco iliinunua kampuni hiyo mwaka 1994.

Swichi hufanya kazi kama karani mzuri wa masijala, ambaye hakupewa orodha ya wafanyakazi lakini baada ya nusu saa anajua nani anakaa chumba gani. Kila kifaa kina anwani ya kiwandani yenye biti 48, anwani ya MAC. Fremu ya data inapoingia, swichi hutazama imetoka kwa nani na imepitia poti ipi, ikaandika kwenye jedwali lake. Safari ijayo, ujumbe wa mtu huyo utapelekwa kwenye poti yake peke yake. Kifaa kisiposikika kwa muda, kwa kawaida sekunde 300, kinafutwa. Na swichi isipomjua mpokeaji, au ujumbe ukiwa ni tangazo la wote, hutoa nakala na kuzisambaza kwenye poti zote isipokuwa ile ulikoingilia.

Balaa huanzia hapo kwenye nakala. Pakiti ya intaneti hubeba namba inayopungua kila inapovuka ruta, ikifika sifuri hutupwa. Fremu ya Ethaneti haina namba hiyo. Swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili bila mpangilio, tangazo moja linatoka kwa waya wa kwanza, linarudi kwa wa pili, linanakiliwa, linatoka tena, na halizeeki. Matangazo machache hugeuka mamilioni kabla mtu hajamaliza kusoma sentensi hii. Mafundi huiita hali hiyo dhoruba ya matangazo. Ukifungua kabati wakati huo, unaiona kwa macho: taa za poti zote zinapepesa pamoja, kwa kasi ileile, hata zile za vyumba visivyo na mtu.

Na haihitaji fundi mbaya ili itokee. Simu nyingi za mezani zinazotumia mtandao zina matundu mawili nyuma, moja la kwenda ukutani, la pili la kuipa kompyuta njia. Meza ikihamishwa, waya mmoja unabaki ukining'inia, na mtu mwenye nia njema anauchomeka ili chumba kipendeze. Mazungumzo yanayofuata hufanana karibu kila mahali.

"Kaka, mtandao umelala tena. Wateja wamejaa hapa nje."

"Poleni, dada. Kuna aliyehamisha meza leo, au kuchomeka waya wowote?"

"Waya? Hapana. Labda ile simu ya chumba cha mikutano, waya wake ulikuwa chini, tumeurudisha tu ukutani."

Simu hiyo sasa imeunganishwa ukutani mara mbili, na ofisi nzima imesimama kwa sababu ya waya usiofika mita mbili.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1985 Radia Perlman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya DEC, alibuni utaratibu ambao mafundi huuita STP. Swichi hutumiana ujumbe mfupi kila sekunde mbili, huchagua mojawapo iwe mzizi, na kila njia ya ziada ya kufika kwenye mzizi hufungwa mpaka itakapohitajika. Kwa hiyo unaweza kuweka waya wa akiba kati ya majengo mawili: wa kwanza ukikatwa na wachimba mtaro, wa pili unafunguka wenyewe. Utaratibu wa awali ulichukua sekunde 30 hadi 50 kujipanga upya. Ule ulioboreshwa mwaka 2001 huchukua sekunde chache. Vipimo vyake vya kawaida vilikadiriwa kwa mtandao usiozidi swichi saba kutoka ncha hadi ncha. Boston walikuwa wamepita hapo bila kujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ramani ya jumla.

Swichi nyingi za kiofisi zina STP ndani yake, na wengi hudhani hilo linatosha. Tatizo liko katika namna mzizi unavyochaguliwa. Kila swichi ina namba ya kipaumbele, na kiwandani zote hupewa 32768. Zikilingana, inashinda yenye anwani ndogo ya MAC. Watengenezaji hugawa anwani hizo wakipanda juu kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo anwani ndogo kuliko zote mara nyingi ni ya swichi kongwe kuliko zote. Matokeo yake, ofisi iliyonunua swichi mpya yenye kasi kubwa inajikuta trafiki yake yote inazunguka kupitia boksi chakavu lililosahauliwa chini ya ngazi za stoo. Fundi aliyekabidhiwa huandika mstari mmoja, 4096 kwenye swichi kuu, na 8192 kwenye msaidizi wake, na jambo hilo limekwisha. Kisha kwenye poti za wafanyakazi huweka ulinzi unaofunga poti mara tu inaposikika sauti ya swichi mahali ilipotakiwa kuwepo kompyuta. Ile simu ya chumba cha mikutano ingezimika peke yake, na foleni ya wateja ingeendelea kusogea.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kugawa mtandao. Swichi ikitoka kiwandani huweka poti zote katika kundi moja, VLAN namba 1. Maana yake mgeni wa hoteli anayetazama mpira kwa Wi-Fi, kamera ya getini, printa ya mapokezi na kompyuta ya mhasibu wote wako chumba kimoja. VLAN ni kuta ndani ya boksi lilelile: poti hizi ni za hesabu, hizi za kamera, hizi za wageni, na hakuna anayesikia matangazo ya kundi lingine. Kiwango kinachotumika, 802.1Q, kilitolewa mwaka 1998. Huongeza kwenye fremu alama yenye nafasi ya namba ya biti 12, na ndiyo sababu VLAN zinazoweza kutumika ni 4094. Ofisi ya kawaida inahitaji nne au tano.

Kinachowakwaza wengi ni waya unaounganisha swichi na swichi. Poti ya mfanyakazi hubeba kundi moja, lakini poti ya kuunganisha lazima ibebe makundi yote yenye alama zao, na pande zote mbili ziwe zimekubaliana orodha ileile. Fundi akiongeza VLAN ya kamera kwenye swichi ya chini akasahau kuiruhusu kwenye poti ya kupandia ghorofani, kamera za juu zinabaki gizani na hakuna taa nyekundu itakayomwambia. Kosa lingine ni la wale waliokwenda mbali zaidi kidogo. Swichi yenye uwezo wa kufanya kazi ya ruta ikiambiwa ihudumie VLAN zote, huanza kupitisha data baina yao bila kuuliza. Kuta zimejengwa, milango yote iko wazi. Lazima ziandikwe kanuni za nani apite kwenda wapi, na kanuni hizo hazimo kwenye boksi, ziko kichwani mwa mwenye biashara. Meneja ndiye anayejua kama kompyuta ya mapokezi ina sababu ya kufungua seva ya mishahara. Fundi anayekaa peke yake akikisia mambo hayo ameachiwa kazi isiyo yake.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa. Zahanati iliyowaweka wagonjwa wanaosubiri foleni kwenye Wi-Fi ya kundi moja na kompyuta yenye majalada yao haina jibu zuri la kutoa siku ikiulizwa, hata kama ukutani kumebandikwa sera iliyochapwa vizuri.

Yapo mambo madogo zaidi yanayokula muda wa watu bila kujulikana chanzo chake. Kamera zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao ni mfano ninaoupenda, maana hesabu yake iko wazi. Kiwango cha mwaka 2003 huruhusu poti kutoa hadi wati 15.4. Poti 24 zikitoa hivyo zote ni wati 369.6. Lakini swichi nyingi za bei nafuu zenye poti 24 haziwezi kutoa kiasi hicho kwa jumla. Tuseme yako ina wati 190. Umefunga kamera 16, kila moja inakula wati 7 mchana, jumla 112, kila kitu shwari na fundi amelipwa. Jua likizama, taa za kuonea gizani zinawaka ndani ya kila kamera, ulaji unapanda hadi wati 12, jumla 192. Swichi inaanza kuzinyima baadhi umeme, kwa kawaida zile zilizopewa kipaumbele cha chini. Asubuhi zinarudi. Mwenye duka anabadilisha kamera, anabadilisha waya, anamtuhumu mlinzi, kumbe jibu liko kwenye ukurasa mmoja wa swichi unaoonyesha wati zilizotumika na zilizobaki. Ni suala la kuufungua saa mbili usiku badala ya saa nne asubuhi.

Kuna pia ule uzembe wa kulazimisha kasi. Mtu anafunga upande mmoja kwenye megabiti 100 kwa njia mbili, kusema na kusikia kwa wakati mmoja, na upande wa pili anauacha ujipangie wenyewe. Upande wa pili, usiposikia mapendekezo ya mwenzake, unajua kasi lakini kwa usalama unachagua njia moja kwa zamu. Kuanzia hapo mmoja anasema wakati wowote, mwingine anaona kila mara amegongwa. Ukipima kwa ujumbe mdogo, mtandao uko hai. Ukituma faili la hesabu za mwezi, linatambaa. Hesabu za makosa kwenye poti hiyo hupanda saa baada ya saa, zikisubiri mtu wa kuzisoma. Dawa ni kuacha pande zote mbili zijipangie, na kuchunguza waya, maana madukani zimejaa nyaya za alumini iliyopakwa shaba zinazouzwa kama shaba tupu, na hata shaba halisi ina mpaka wake wa mita 100.

Na yule mfanyakazi aliyechoka na Wi-Fi dhaifu, akaleta ruta ya nyumbani na kuichomeka chini ya meza? Ruta ile huanza kugawa anwani zake kwa kila kompyuta inayowashwa karibu nayo. Nusu ya ofisi inakosa intaneti, nusu inaendelea, na hakuna anayeelewa kwa nini. Swichi ya biashara inaweza kuambiwa kwamba mgawaji halali wa anwani yuko poti fulani tu, majibu ya mwingine yeyote yatupwe. Uwezo huo umelipiwa siku swichi iliponunuliwa. Umelala tu.

Usalama wa swichi yenyewe nao hauchekeshi. Aprili 2018 washambuliaji waliingilia swichi za Cisco katika nchi kadhaa kupitia huduma ya kuzisanidi kwa mbali, iliyokuwa imewashwa tangu kiwandani na ambayo wengi hawakuwahi kuihitaji. Walifuta mipangilio na kuacha picha ya bendera ya Marekani. Wizara ya mawasiliano ya Iran ilisema swichi zaidi ya 200,000 ziliguswa duniani, 3,500 kati yake nchini Iran. Cisco ilikuwa imeshatoa tahadhari, na huduma hiyo ilizimika kwa amri moja fupi. Waliopona ni wale ambao mtu fulani alikuwa na kazi ya kusoma tahadhari. Kwa ofisi ndogo, kazi hiyo huanza na mambo machache: neno la siri la kiwandani libadilishwe, ukurasa wa usimamizi ufunguke kutoka VLAN moja tu na kwa njia iliyofichwa, poti zisizotumika zifungwe, programu ya ndani isasishwe. Fundi makini huyamaliza yote hayo mchana mmoja.

Nimeacha la kuhifadhi hadi hapa kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi kwetu, ambako umeme hukatika bila taarifa. Katika swichi nyingi, mabadiliko unayoyafanya huanza kufanya kazi papo hapo lakini yako kwenye kumbukumbu ya muda. Usipotoa amri ya kuhifadhi, umeme ukikatika swichi inaamka na mpangilio wa zamani. Fundi alifanya kazi Ijumaa jioni, kila kitu kikaenda sawa, akaondoka. Jumatatu, baada ya usiku wa mvua na radi, kaunta za malipo hazisomi seva na yeye yuko mkoa mwingine. Saa ya swichi nayo iwekwe sawa kwa kuunganishwa na seva ya muda. Baadhi ya swichi za Cisco zisizopewa saa huhesabu kuanzia Machi 1, 1993, na kumbukumbu ya matukio yenye tarehe hiyo haimsaidii mkaguzi anayetaka kujua nani alizima poti ya stoo usiku wa juzi.

Daftari la swichi si kitabu kikubwa. Lina jina la kila swichi na mahali ilipo, poti ipi inakwenda chumba gani, orodha ya VLAN na sababu ya kila moja, toleo la programu, tarehe ya badiliko la mwisho na aliyelifanya. Neno la siri lisiwemo humo. Liwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya ofisi, siyo kwenye simu ya fundi wa mkataba anayeweza kuondoka mwezi ujao. Pamoja na daftari iwepo nakala ya faili la mpangilio, ipakuliwe kila baada ya badiliko na itunzwe nje ya kabati la swichi. Swichi iliyokufa kwa radi, ikiwa faili lipo, hurejeshwa kwa muda wa kufunga skrubu nne na kupakia faili kwenye swichi mpya ya aina ileile. Faili lisipokuwepo, fundi ataanza kufuata waya mmoja mmoja kutoka ukutani hadi kabatini, akiuliza kila chumba kinatumia nini, huku kaunta zimefungwa.